Somo: Una rekodi ya jinai Marekani na unataka leseni ya kazi? Uliza kabla ya kulipa karo

Wakuu, pesa za wengi hupotelea hapa: mtu anamaliza kozi ya unyozi au uuguzi, ndipo bodi inamnyima leseni kwa kesi ya zamani. Leseni nyingi hutolewa na jimbo, kwa hiyo ushauri wa ndugu yako aliyeko Texas usiubebe mzima mzima California.

Hatua ya 1: Chukua nakala ya hukumu kwa karani wa mahakama. Kosa ulilotiwa hatiani huenda si lile uliloshtakiwa mwanzoni.

Hatua ya 2: Hii ndiyo kubwa. Texas, Sura ya 53 ya sheria ya leseni za kazi inakuruhusu kuomba barua ya tathmini ya rekodi yako hata kabla ya kuanza masomo, na mamlaka inatakiwa kujibu ndani ya siku 90. California, tangu Julai 1, 2020, sheria ya AB 2138 inazibana bodi nyingi: kosa lazima lihusiane kweli na kazi yenyewe, na kwa kawaida hukumu iwe ya ndani ya miaka 7 iliyopita. Makosa mazito hayana kikomo hicho. Kukamatwa tu, bila kutiwa hatiani, si sababu ya kukunyima.

Hatua ya 3: Kusanya ushahidi kuwa umebadilika. Barua ya "ni mtu mwema" haina uzito. Mwajiri aeleze amekuona ukifanya nini, tangu lini.

Hatua ya 4: Fomu ijaze kwa ukweli. Uongo peke yake unaweza kukukosesha leseni.

MASWALI

– Mkuu, mahakama ilishanifutia rekodi. Bado nitaje?
Soma swali la fomu neno kwa neno, majimbo hayafanani. Kama si raia, ongea na wakili wa uhamiaji kwanza: huko uhamiaji, hukumu iliyofutwa na jimbo mara nyingi bado inahesabiwa.

– Nilitiwa hatiani kwa kuiibia Medicare (bima ya afya ya serikali kuu, hasa ya wazee). Nikipata leseni nitaajiriwa?
Pagumu, dada. Serikali kuu hukufungia malipo ya Medicare na Medicaid (bima ya wenye kipato kidogo), yaani hazilipii kazi yako, kwa miaka isiyopungua 5, na hospitali zinaliogopa hilo hata ukiwa na leseni mkononi.

– Wakininyima je?
Dai sababu kwa maandishi, na siku hiyohiyo barua inapofika angalia mwisho wa kukata rufaa ni lini.