Kuokoa mafaili kwenye diski inayogonga, kwa flashi moja na programu za bure

Mpiga picha wa harusi alishuka kwenye kosta ya Tukuyu akaja moja kwa moja kibandani kwangu, Mwanjelwa, Mbeya. Njiani alikuwa ameipakata laptopi ikiwa imewaka, anapunguza picha, gari likapiga tuta. Sasa Windows haifiki popote na diski inalia tik, tik, tik.

"Fundi, humo ndani kuna harusi tatu. Moja ni ya binti wa mchungaji wetu."

Zamani ningekimbilia chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski. Niliwahi kumfanyia hivyo mteja mmoja, na diski iliyokuwa inasomeka kwa kusuasua ikazima kabisa mkononi mwangu. Amri ile inailazimisha diski mgonjwa kusoma kila sekta (kile kipande kidogo cha diski), na juu ya hapo inaandika juu yake. Siku hizi sitengenezi chochote kabla sijanakili. Nafanya hivi.

1. Andaa flashi kabla mteja hajaja

Chukua flashi ya GB 16 au zaidi. Pakua Ventoy, iweke kwenye flashi (kilichokuwemo kinafutika chote), kisha nakili humo mafaili ya ISO (mfumo mzima wa kuwashia kompyuta ndani ya faili moja) kama unavyonakili nyimbo. Ukiwashia kompyuta kwenye flashi hiyo, Ventoy inakuletea orodha, unachagua. Habari ya kufomati flashi kila unapobadili mfumo inaishia hapo.

Mimi nimeweka SystemRescue, Clonezilla, Memtest86+ na Linux Mint. Kwa kazi ya leo SystemRescue inatosha, maana ndani yake kuna ddrescue (inanakili diski mbovu), TestDisk na PhotoRec (zinavua mafaili) na smartctl (inapima afya ya diski). Pakua usiku kama bando lako la usiku ni nafuu, halafu hakikisha faili halikufika pungufu. Kwenye Windows:

certutil -hashfile systemrescue.iso SHA256

Weka hapo jina kamili la faili ulilopakua. Linganisha namba unayopata na ile iliyo kwenye tovuti yao. Usiruke hatua hii. ISO iliyokatika katikati itakupotezea siku nzima ukidhani RAM ya mteja ni mbovu.

2. Washa kwa flashi

Kompyuta inapoanza kuwaka, bonyeza kitufe cha kuchagua flashi: Dell na Lenovo nyingi ni F12, HP ni Esc kisha F9. Kama Secure Boot (ulinzi unaozuia mifumo isiyotambulika kuwaka) imewashwa, mara ya kwanza utaona skrini ya bluu ikiomba uidhinishe ufunguo wa Ventoy. Idhinisha; kwa kompyuta hiyo haitakuuliza tena.

3. Tambua diski ipi ni ipi

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL
smartctl -a /dev/sda

Kwenye majibu ya smartctl angalia mistari mitatu: Reallocated_Sector_Ct, Current_Pending_Sector na Offline_Uncorrectable. Tarakimu za mwisho wa mstari zikiwa sifuri, huenda tatizo ni Windows tu. Ya huyu bwana ilikuwa na sekta mia kadhaa zinazosubiri.

Muulize pia mteja kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows. Kama imefungwa na hana ufunguo wake wa tarakimu 48, nakala utapata lakini hutaifungua.

4. Nakili diski nzima

Hapa ndipo penye kazi. Chomeka diski ya nje yenye nafasi kubwa kuliko diski ya mteja. Isiwe FAT32, maana hiyo haipokei faili linalozidi GB 4. Kwangu mgonjwa ni sda, ya nje ni sdc1:

mkdir /mnt/nje
mount /dev/sdc1 /mnt/nje
ddrescue -d -n /dev/sda /mnt/nje/harusi.img /mnt/nje/harusi.map

Chanzo kwanza, nakala baadaye. Ukigeuza, umemfutia mtu harusi tatu. Soma mstari kwa sauti kabla ya kugusa Enter. Mimi bado nasoma, na wateja wanacheka.

Hiyo -n inaiambia ddrescue ivune kwanza sehemu zinazosomeka kirahisi, isikwaruze zile mbovu. Diski ikifa katikati, walau sehemu kubwa umeshaipata. Ikimaliza, rudi kwenye mabaki:

ddrescue -d -r3 /dev/sda /mnt/nje/harusi.img /mnt/nje/harusi.map

Sasa lile faili la .map. Ndani yake ddrescue inaandika imefika wapi na wapi pamegoma. Kwetu masika umeme unaweza kukatika mara tatu kwa siku, na diski ya GB 500 ikiwa nzima kabisa inakula saa moja na nusu kwa mwendo wa MB 100 kwa sekunde. Ikiwa mbovu, inaweza kukesha. Ukiwa na .map, umeme ukirudi unarudia amri zilezile, kuanzia mkdir na mount, na kazi inaendelea ilipoishia. Bila .map unaanza upya, na diski haina nguvu ya kuanza upya. Ila kabla ya kurudia piga lsblk tena, kwa sababu baada ya kuwasha upya iliyokuwa sda inaweza kuwa sdb.

Kwa sababu hiyohiyo kazi hii naifanyia kwenye laptopi yenye betri nzima, na diski ya nje ni ile ndogo inayokula umeme wa USB.

5. Vua mafaili kutoka kwenye nakala

Diski ya mteja ichomoe, iweke pembeni. Jaribu kwanza njia inayohifadhi majina:

losetup -r -P -f --show /mnt/nje/harusi.img

Itakujibu kitu kama /dev/loop1. Kisha:

mkdir /mnt/ndani
mount -o ro /dev/loop1p3 /mnt/ndani

Namba ya patisheni (sehemu ya diski yenye mafaili, hapa p3) utaiona kwa lsblk. Ikifunguka, nakili folda zake umalize. Ikigoma, fungua testdisk juu ya faili la .img, tafuta patisheni, orodhesha mafaili kwa P, chagua yote kwa a, nakili kwa C kubwa. Hata hiyo ikishindikana:

photorec /mnt/nje/harusi.img

PhotoRec haijali folda wala majina. Inatambua picha kwa namna faili linavyoanza. Mavuno yanaingia kwenye recup_dir.1, recup_dir.2 na kuendelea, majina yote yamepotea. Kwa kamera za Canon, faili za CR2 zimo kwenye chaguo la tif, jambo lililonisumbua jioni nzima. Video za mp4 tafuta kwenye mov.

Kwa SSD usimwahidi mteja mengi kuhusu alivyofuta mwenyewe. TRIM, yaani SSD kusafisha yenyewe nafasi ya vilivyofutwa, ikishapita, hata PhotoRec haikuti kitu.

6. Kabidhi, kisha futa

Mteja afungue mafaili kumi hivi mbele yako, ayachague yeye. Jamaa wa Tukuyu alikuta harusi mbili kamili. Ya tatu ilikosa picha kadhaa za ukumbini, za kanisani zote zilikuwepo. Alipothibitisha kwamba amezihamishia kwake, nilifuta harusi.img, maana si picha zangu.