Somo: Kumzoesha mbwa mwoga kuingia kwenye kempa bila kumvuta

Mbwa anayegoma mlangoni mwa kempa (gari au trela ya kulala safarini) mara nyingi haogopi kempa yenyewe. Anaogopa kitu kimoja au viwili kati ya hivi: ngazi yenye matundu, sakafu inayoteleza, gari kuyumba anapokanyaga, milio ya ndani, au mlango kufungwa nyuma yake. Ukimvuta kwa kamba, vyote vitano vinamwangukia kwa mpigo, na kesho atagoma mbali zaidi na alipogomea leo. Kazi yetu ni kuvitenganisha, kimoja kimoja, mlango ukiwa wazi muda wote.

Mbwa wengi wa huku wana la ziada. Wamelala bandani tangu utotoni, hawajawahi kukanyaga sakafu ya nyumba, na gari wamelipanda mara mbili tu: siku waliyotolewa kwa mama yao na siku ya sindano. Kwa mbwa wa hivyo tenga wiki tatu hadi sita. Mtoto wa miezi minne aliyezoea watu anaweza kumaliza kwa siku nne.

Andaa gari kwanza, mbwa baadaye

Egesha pahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka kabari kwenye matairi. Kama ni trela, teremsha jeki za pembe zote nne. Kisha panda mwenyewe urukeruke: ukihisi linayumba, mbwa atahisi mara mbili. Zima friji, feni na pampu ya maji. Tandika kapeti au mpira wa sakafuni kuanzia kizingitini hadi ndani kabisa. Plastiki tupu inamfanya atoe kucha, na kucha zikitoka ndipo anapoteleza zaidi.

Kama ni Hiace iliyovuliwa viti, mlango wa kusukuma ni adui mkubwa. Ufungue kabla mbwa hajafika, uufunge kwa kamba usijirudi, na usiuguse tena hadi aondoke.

Ngazi za chuma zilizo wazi ziache. Tengeneza ubao wa kupandia: plaiwudi ya milimita 18, upana sentimita 45, urefu mara tatu ya kimo cha mlango. Mlango ukiwa sentimita 60 kutoka ardhini, ubao uwe mita 1.8, hapo mwinamo ni kama nyuzi 20, na hata mbwa mzito anaupanda. Chini yake, pembeni kote kuwili, pigilia mbao za inchi mbili kwa mbili usinepe katikati. Juu gundisha mpira au kapeti ngumu, misumari isichomoze. Mwisho wa juu mwambie fundi aweke vipande viwili vya chuma vya kunasa kizingitini. Hivyo si urembo: ubao ukichomoka mara moja tu mbwa akiwa juu yake, unaanza somo upya, na safari hii anauogopa ubao pia.

Mvishe mkanda wa kifuani, si kola. Kamba iwe ya mita tatu na ilegee. Ikikazwa ni kosa lako.

Zawadi

Maini ya ng'ombe ndiyo mfalme. Chemsha robo kilo kwa dakika 15 bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa), kata vipande vya ukubwa wa punje ya hindi, vikaushe kidogo kwenye moto wa chini visichafue mikono. Hukaa kwenye friji siku tatu. Dagaa wakavu wasio na chumvi wanafaa pia, na harufu yao inawashinda mbwa wengi. Fanya mazoezi kabla ya mlo, na upunguze mlo kwa kiasi alichokula mazoezini.

Hatua ya 1: Mbali

Mlete upande wa kempa, mlango wazi, usimame pale anapoanza kubadilika. Dalili ni ndogo kuliko watu wanavyodhani: analamba midomo ilhali hakuna chakula, anapiga miayo, masikio yanarudi nyuma, weupe wa jicho unaonekana, mguu mmoja wa mbele unaning'inia hewani. Rudi nyuma hatua mbili kutoka hapo. Huo ndio mpaka wa leo. Mwagia vipande kumi majanini, avitafute kwa pua, kisha ondokeni. Dakika tatu zinatosha, mara mbili au tatu kwa siku. Kesho mpaka utakuwa umesogea wenyewe.

Akikataa hata maini, si kwamba ameshiba. Mko karibu mno.

Hatua ya 2: Ubao chini

Laza ubao bapa uani, mbali na gari. Apite juu yake akila. Kisha inua upande mmoja kwa tofali moja, siku inayofuata mawili. Akiupanda na kushuka bila kuharakisha, ndipo uupeleke mlangoni. Wengi huruka hatua hii kwa kuwa inaonekana ya kitoto, halafu wanalaumu gari.

Hatua ya 3: Kuingia na kutoka

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kosa ni lile la kushika nyama mkononi na kuirudisha ndani kidogo kidogo. Tazama miguu ya nyuma: imeng'ang'ania chini, mwili umerefuka kama mpira unaovutwa, shingo imenyooka, ananyakua na kurukia nje. Tumbo limeingia kwenye mtego, kichwa hakijaingia. Baada ya mara mbili tatu anakuwa mwoga wa nyama pia.

Fanya hivi. Simama pembeni, si mbele ya mlango wala nyuma yake. Akiweka mguu mmoja kwenye ubao kwa hiari yake, sema "sawa" na tupa kipande *nje*, nyuma yake. Ndiyo, nje. Anashuka kula, anageuka, anarudi mwenyewe. Anajifunza kwamba kupanda hakumfungi. Baada ya mara tano, subiri miguu miwili. Halafu minne. Halafu kichwa kipite mlango. Ukifika kizingitini, anza kuweka kipande kimoja ndani na kingine nje, zamu kwa zamu.

Idadi ya majaribio isizidi kumi kwa kikao. Maliza akiwa bado anataka. Akigoma mara mbili mfululizo, rudi hatua moja, pata jaribio moja rahisi, funga kazi.

Hatua ya 4: Kukaa

Weka ndani godoro lake analolalia nyumbani, bila kulifua, lenye harufu yake. Mpe mlo wa jioni hapo. Mara ya kwanza sahani iwe kizingitini, kila siku isogee sentimita 20. Wewe keti ndani ukisoma simu. Mbwa hulala pale ambapo mtu hana haraka.

Hatua ya 5: Mlango

Sogeza mlango kidogo, zawadi, urudishe. Nusu, zawadi, urudishe. Ufunge sekunde moja na kufungua *kabla* hajauliza. Kisha sekunde 3, 10, 30, dakika 2. Changanya: baada ya 30 rudi 5, asihisi kwamba kila mara inakuwa ngumu zaidi. Ukifungua akiwa anakwaruza, amejifunza kwamba kukwaruza kunafungua. Ukikataa kufungua, anapandwa na hofu. Kwa hiyo usifike huko. Akikwaruza, fungua, na kesho punguza muda kwa nusu.

Hatua ya 6: Milio, kisha mwendo

Kimoja kwa siku: pampu, feni, kiberiti cha jiko la gesi (ule mlio wa tak-tak huwashtua wengi), mwisho injini. Kila kitu kiwashwe yeye akiwa nje mita tano akila, ndipo akiwa ndani. Mwendo uanze na mita 50 na kurudi, kisha dakika tano hadi mahali pazuri, uwanja wa kukimbia. Akiwa njiani afungwe: mkanda wa kifuani kwenye mkanda wa kiti, au kizimba kilichokazwa sakafuni.

Maswali ya wanachama

*Kitengela:* Mbwa wangu wa aina ya German Shepherd ana kilo 40, nasafiri Ijumaa, leo ni Jumanne. Nimbebe tu nimwingize?

Jibu: Siku tatu hazitoshi. Ukimbeba kilo 40 akipambana, mmoja wenu ataumia. Bora abaki na mtu anayemfahamu. Kama lazima aende, muone daktari wa mifugo kesho akupe dawa ya kupunguza hofu, na uijaribu mkiwa nyumbani kabla ya safari. Uliza hasa kama inaondoa hofu au inalegeza mwili tu. Dawa iitwayo asepromazini ikitolewa peke yake humlegeza huku hofu ikibaki ndani. Dawa za binadamu usiguse. Paracetamol na ibuprofen zinaweza kumuua.

*Moshi:* Wangu anaingia vizuri, anachukua nyama, anaruka nje. Wiki mbili sasa hali ni hiyo hiyo.

Jibu: Kipande kimoja kinalipa safari moja, naye anafanya hesabu sahihi. Badilisha malipo. Akiingia, mpe vipande vitano kimoja kimoja, kila baada ya sekunde mbili, kisha mwambie atoke kabla hajaamua. Baada ya siku tatu paka uji mzito wa nyama kwenye sahani pana, uugandishe kwenye friza, umpe alambe humo ndani. Kulamba kunachukua dakika na kunatuliza. Siagi ya karanga inafaa pia, lakini soma kopo: ikiwa na zailitoli (xylitol, kitamu cha badala ya sukari) ni sumu.

*Nakuru:* Ana miaka 11, amepanda kempa tangu utoto. Tangu mwezi uliopita anasimama mlangoni ananitazama.

Jibu: Mama, huyo usimfundishe kwanza. Mbwa mzee anayeacha ghafla kitu alichokizoea, shuku maumivu: nyonga, magoti, mgongo, wakati mwingine macho. Tazama kama anasita pia kuinuka asubuhi au anapanda ngazi za nyumbani kwa kurukaruka kama sungura. Apimwe, kucha zikatwe, apewe ubao mrefu, mara nne ya kimo badala ya tatu.

*Dar es Salaam:* Anaingia bila shida, tukifika dakika ya kumi anatapika.

Jibu: Tenganisha kichefuchefu na hofu. Akianza kudondosha mate gari likiwa limesimama, ni kumbukumbu mbaya, rudi hatua ya 4. Akianza barabarani tu, ni mwendo. Asile kwa muda wa saa tatu hadi nne kabla ya safari, maji kidogo ruksa, dirisha wazi kidogo, aangalie mbele. Ikiendelea, daktari wa mifugo ana dawa ya maropitanti inayozuia kutapika. Usimzoeshe kuendelea akitapika. Kila tapishi linarudisha mazoezi nyuma.

*Tanga:* Kempa ni ya kukodi. Mwenye gari ni Mwislamu, nimwambie kuna mbwa au nisafishe tu nikirudisha?

Jibu: Mwambie kabla ya kulipa, ndugu. Kwa wengi mate ya mbwa ni najisi, na wewe huwezi kumwamulia mtu kilicho safi ndani ya gari lake. Na kabla hujakodi angalia unakoelekea: hifadhi za taifa za Kenya na Tanzania haziruhusu mbwa, hata akiwa amefungiwa garini. Beba cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa.

*Naivasha:* Akishazoea, naweza kumwacha ndani nikaingia dukani, madirisha wazi kidogo?

Jibu: Hapana. Nje kukiwa nyuzi 24 tu, gari lililofungwa hufika takriban 34 kwa dakika kumi na 43 kwa nusu saa, na upenyo wa dirisha hausaidii cha maana. Mmoja wenu abaki naye kivulini, mwingine akanunue maziwa.