Mtoto anayeshukiwa kuwa na mzio wa maziwa: jinsi ya kupata kopo linalomfaa

Nafanya kazi ya lishe ya watoto hapa Mbeya. Akina mama wengi hunifikia wakiwa wameshabadilisha makopo mengi, kila moja kwa siku mbili tu. Hela imekwisha na mtoto bado anatapika. Kabla hujanunua kopo lingine, fuata utaratibu huu.

Hatua ya 1: Andika unachokiona, kisha nenda kwa daktari

Mzio ni mwili wa mtoto kupambana na protini za maziwa ya ng'ombe. Wapo wanaoonyesha dalili ndani ya dakika chache hadi saa 2: midomo kuvimba, mabaka ya kuwasha, kutapika, kifua kubana. Akibanwa pumzi au akilegea, kimbia naye hospitali saa hiyo hiyo. Wengine dalili zao huja baada ya saa nyingi, hata siku 2 au 3: choo chenye ute na michirizi ya damu, pumu ya ngozi isiyosikia mafuta, uzito kugoma.

Majirani watakwambia ni chango. Wewe andika kwenye daftari alichopewa, saa ngapi, na kilichofuata. Pampasi yenye damu ipige picha. Beba na kadi ya kliniki, maana mstari wa uzito ukilala, daktari hataki maelezo marefu. Choo cha damu kinaweza pia kuwa maambukizi, hasa kukiwa na homa, kwa hiyo usijitibie nyumbani. Na mtoto anayecheua kidogo huku anaongezeka uzito vizuri, mara nyingi hana mzio.

Hatua ya 2: Kama ananyonya, usimwachishe

Anayeacha maziwa ya ng'ombe ni mama, kwa wiki 2 hadi 4: chai ya maziwa, mtindi, siagi, biskuti, skonzi, uji wenye maziwa ya unga. Kwa Tukuyu au Njombe, ambako mzazi huletewa kikombe cha maziwa kwa upendo, ni kazi ngumu; mweleze mama mkwe mapema ili asione umemdharau. Kula dagaa au usipa pamoja na mifupa yake, mboga za majani, na muulize daktari kuhusu vidonge vya kalsiamu.

Hatua ya 3: Geuza kopo, soma nyuma

Hapa ndipo hela nyingi hupotelea. Unachotafuta ni maziwa ambayo protini zake zimevunjwavunjwa kabisa. Lebo huandika "extensively hydrolysed". Mfano ni Nutramigen na Aptamil Pepti. Likiandikwa "partially hydrolysed" au HA, protini zimevunjwa nusunusu tu, na halimfai mtoto mwenye mzio. "Lactose free" maana yake ni kwamba sukari ya maziwa imeondolewa. Neno hilo peke yake halikuhakikishii kwamba protini imeguswa.

Maziwa ya mbuzi, ambayo kila bibi atakushauri, yana protini zinazofanana mno na za ng'ombe, na huwadhuru watoto wengi vilevile. Ya soya hayashauriwi chini ya miezi 6. Kwa mzio mkali, au kopo la kwanza lisiposaidia, daktari ataandika la amino asidi (chembe ndogo kabisa zinazounda protini), kama Neocate.

Hatua ya 4: Piga hesabu kabla ya kuanza

Mtoto wa kilo 6 hunywa takriban mililita 900 kwa siku. Kopo la gramu 400 hutoa karibu lita 3, yaani siku 3 na kidogo. Kwa mwezi ni makopo 9 au 10. Duka la dawa la Mwanjelwa likikosa, mwombe mfamasia aagize Dar es Salaam lije na basi, na uagize kabla la mwisho halijafika nusu. Usiongeze maji ili lidumu. Mtoto atakonda huku anashiba. Hela ikigoma, rudi kwa daktari mseme ukweli. Wakati mwingine mama husaidiwa maziwa yake yakarudi.

Ladha yake ni chungu kidogo, na choo huwa cha kijani. Usishtuke.

Hatua ya 5: Maji ya nyanda za juu

Unga wa kopo hauna uhakika wa kutokuwa na vijidudu, ndiyo maana maji huhitaji nyuzi 70 au zaidi, isipokuwa kopo lako lielekeze vingine. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Yaache yatokote dakika 3. Baridi ya Juni hupoza sufuria ndogo upesi, basi yamimine kwenye chupa safi ya chai. Pima kwa kijiko cha kopo hilo hilo, poza chupa ya kunyonyea, jaribu tone kwenye kifundo cha mkono.

Hatua ya 6: Subiri, kisha thibitisha

Mpe wiki 2 hadi 4 bila kubadilisha kingine chochote. Ngozi huchelewa kuliko choo. Akipona, daktari atapanga maziwa ya kawaida yarudishwe kidogo kidogo. Dalili zikirudi, ni mzio. Zisiporudi, mtoto ameepuka miaka ya kunyimwa maziwa bure. Aliyewahi kuvimba au kubanwa pumzi, jaribio hilo hufanyika hospitali tu.

Akithibitika, hujaribiwa tena baada ya miezi 6 hivi au akikaribia mwaka. Akianza uji, mpe wa ulezi, parachichi na maharage yaliyopondwa, na unga wa lishe wa dukani usiununue kabla hujasoma kama umechanganywa maziwa.