Jinsi ya Kumwondolea Viroboto Mtoto wa Paka Uliyemchukua Karibuni

Watoto wengi wa paka ninaowahudumia hapa Mbeya huchukuliwa kwa majirani baada ya mavuno, mahindi yanapoingia ghalani na panya wakaanza kuyafuata. Huletwa katika boksi au ndani ya kiroba wakiwa na umri wa wiki tano au sita, na karibu wote huja na viroboto. Mwenye nyumba akishawaona wakikimbia tumboni mwa mnyama, hushika chupa ya dawa iliyo karibu, ambayo mara nyingi ni ya kuogeshea ng'ombe au mbwa. Katika kazi yangu nimeona watoto wa paka wengi zaidi wakifa kwa chupa hiyo kuliko kwa viroboto wenyewe. Naandika mwongozo huu kwa sababu vifo hivyo vinazuilika, na sehemu kubwa ya kazi inaweza kufanyika kwa maji, sabuni, kitana na subira ya wiki kadhaa.

Hatua ya kwanza: mchunguze kabla hajazunguka nyumbani

Mweke katika boksi lenye kitambaa cheupe, kwenye chumba kimoja chenye sakafu inayofagika kwa urahisi. Pekua manyoya ya kiuno, shina la mkia, tumbo na shingo. Hata usipoona kiroboto akikimbia, utaona chembe nyeusi kama unga wa kahawa. Zikusanye juu ya karatasi nyeupe ya chooni, kisha dondoshea maji. Zikitoa rangi ya wekundu wa kutu, hizo ni kinyesi cha viroboto, yaani damu ya mnyama iliyokauka. Zikibaki nyeusi au kahawia, ni vumbi tu.

Baada ya hapo inua mdomo wake wa juu na utazame ufizi. Ufizi wa mtoto mwenye afya una rangi ya waridi. Ukiwa mweupe au wa kijivu, mnyama amepungukiwa damu, na hapo suala limekuwa la dharura. Mtoto wa paka mwenye uzito wa gramu 500 ana damu ipatayo mililita 30, ambazo ni sawa na vijiko viwili vya chakula. Kwa hiyo viroboto ambao paka mkubwa angewavumilia kwa miezi wanaweza kumuua huyu katika siku chache. Mwenye ufizi mweupe, aliyelegea au mwenye mwili wa baridi asiogeshwe. Mfunge katika kitambaa chenye joto na umpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, huku ukiendelea kumchana njiani.

Mpime pia uzito, kwa kuwa kila uamuzi kuhusu dawa utautegemea. Mizani ya dukani inayopimia sukari inatosha: mweke ndani ya boksi dogo, pima, kisha utoe uzito wa boksi. Mtoto wa mwezi mmoja huwa na takriban gramu 450 hadi 500, na wa miezi miwili hukaribia kilo moja. Uzito mdogo sana kwa umri wake ni ishara nyingine ya kukuharakisha kumwona daktari.

Hatua ya pili: mwogeshe, ikiwa ana nguvu na hali ya hewa inaruhusu

Huku kwetu hatua hii inahitaji uangalifu kuliko mahali penye joto. Kati ya Juni na Agosti asubuhi za Mbeya, Njombe na Makete ni za baridi kali, na mtoto wa paka aliyelowa hupoteza joto upesi kuliko anavyoweza kulitengeneza. Miaka yangu ya mwanzo nilimwogesha mmoja jioni ya Julai kwa kuwa mwenyewe alikuwa na haraka. Viroboto walikwisha, lakini hadi saa nne usiku alikuwa ameacha kutetemeka na kuanza kupoa, jambo ambalo ni baya kuliko kutetemeka. Alipona baada ya kulala kifuani mwangu hadi alfajiri. Tangu siku hiyo siogeshi mtoto wa paka isipokuwa kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana, na aliye chini ya wiki nne simtumbukizi majini kabisa. Huyo namfuta kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na kumchana.

Andaa maji yanayokubalika kwenye kiwiko chako kama ungemwogesha mtoto mchanga, pamoja na sabuni laini ya watoto au matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Sabuni ya unga isitumike, kwa sababu humchubua ngozi. Kabla ya kulowesha mwili, paka povu zito kuzunguka shingo yote. Viroboto wakihisi maji hukimbilia kichwani na kujificha masikioni na machoni, nawe utakuwa umewafungia njia kwa pete hiyo ya povu. Kisha lowesha mwili kuanzia shingoni kwenda mkiani, acha povu likae kwa dakika tatu hivi, suuza, na uso uufute kwa kitambaa tu. Sabuni haiachi kinga yoyote: inawaondoa waliopo leo, na kesho wengine wanaweza kupanda.

Mkaushe kwa taulo mbili au tatu mfululizo, kisha umlaze karibu na chupa ya maji ya moto iliyofungwa katika kitambaa. Ukitumia jiko la mkaa kupasha chumba joto, mlango na dirisha viwe wazi, kwa maana hewa ya mkaa katika chumba kilichofungwa huua mnyama na binadamu pia.

Hatua ya tatu: kitana, kila siku

Tafuta kitana chenye meno yaliyosongamana, kile kinachotumika kutolea chawa. Mchane asubuhi na jioni, ukianzia shingoni, na kila baada ya mchano uchovye kitana katika bakuli la maji yenye sabuni. Usimbinye kiroboto kwa kucha na kumtupa sakafuni, kwa maana gamba lake ni gumu na mara nyingi huamka tena.

Ukikuta vijidudu vyeusi vilivyong'ang'ania kingo za masikio au kuzunguka macho bila kutikisika, hao ni viroboto wa kuku, ambao huzamisha mdomo kwenye ngozi na kubaki hapo. Huonekana zaidi katika nyumba ambamo kuku na paka hulala jiko moja. Wapake mafuta ya mgando kwa wingi, subiri, kisha uwatoe mmoja mmoja kwa kibanio. Walio ukingoni mwa jicho waachie daktari. Banda la kuku nalo lisafishwe, vinginevyo watarudi wiki ile ile.

Hatua ya nne: dawa, na chupa ambazo hazipaswi kumgusa

Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuvunja sumu za kundi la permethrini. Dawa ambayo mbwa hupakwa bila shida humfanya paka atetemeke, atoke udenda, apate degedege na kufa, wakati mwingine katika saa chache. Soma kibandiko: viambato vya kundi hili majina yake huishia kwa herufi t-h-r-i-n, na dawa nyingi za kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe ni za kundi hili. Dawa za kuogeshea zenye amitrazi nazo zisimguse. Wengi katika nyanda zetu huniuliza kuhusu pareto, kwa kuwa wanailima wenyewe na wanaona ni ua la asili. Kweli pareto ina makali madogo kuliko dawa za kiwandani zilizotengenezwa kwa kuiga sumu yake, lakini unga usiopimwa, ukirambwa na mnyama wa nusu kilo, si salama, nami siruhusu utumike. Mafuta ya taa huchoma ngozi na kuingia mapafuni. Vitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu za paka, hivyo humwongezea tatizo lile lile la upungufu wa damu.

Kuhusu sindano ya ng'ombe ya ivamektini, dawa ya minyoo na wadudu wa ngozi, hesabu yenyewe inatosha. Kipimo cha dawa ya asilimia 1 ni mililita moja kwa kilo 50. Mtoto wa paka wa gramu 500 angehitaji sehemu ya mia moja ya mililita, kiasi ambacho bomba la sindano la kawaida haliwezi kukipima. Anayekadiria kwa jicho humpa mara kumi au ishirini zaidi.

Dawa inayofaa ni ya kudondoshea nyuma ya shingo, iliyoandikwa kuwa ni ya paka, kama zile zenye fipronili. Nyingi huanza kutumika mnyama akifikisha wiki nane na kilo moja. Usigawanye ya mbwa, wala usigawanye ya paka mkubwa bila kuelekezwa na daktari. Kwa aliye chini ya umri huo, kitana ndicho dawa. Ikiwa tayari amepakwa chupa isiyofaa, mwoshe mara moja kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, mpashe joto na umkimbize kwa daktari pamoja na chupa yenyewe.

Hatua ya tano: nyumba

Viroboto unaowaona kwenye mnyama ni sehemu ndogo ya waliopo. Jike mmoja huweza kutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku, nayo huteleza kutoka kwenye manyoya na kuanguka popote mnyama anapolala. Mabuu yanayoanguliwa hukimbia mwanga, hujichimbia katika nyufa na chini ya mkeka, na hula kile kinyesi cheusi ulichokiona siku ya kwanza. Kisha hujifunga katika vifukofuko vinavyonata vumbi, ambavyo dawa haivipenyi vizuri na vinavyoweza kungoja kwa miezi. Mtikisiko, joto na pumzi ya kiumbe ndivyo huwaamsha. Ndiyo sababu aliyerudi kutoka safari ndefu hufungua mlango na viroboto wakamrukia miguuni, ilhali paka hakuwapo.

Baridi yetu haiwaui. Huwachelewesha tu, na mzunguko ambao kwenye joto humalizika katika wiki tatu au nne huweza kuchukua muda mrefu zaidi. Zaidi ya hayo, paka hulala kando ya mafiga, na hapo hakuna baridi.

Chemsha matandiko yake na vitambaa vya makochi kila wiki, uvianike juani na kuvipiga pasi. Fagia kila siku, hasa pembeni, chini ya vitanda na kuzunguka jiko, na takataka uzichome au uzitumbukize katika maji ya sabuni. Siriba upya sakafu ya udongo yenye nyufa. Kazi hii ya siku moja husaidia kuliko dawa nyingi ninazoziona zikinyunyizwa. Ukilazimika kunyunyizia chumba dawa ya wadudu, paka asikanyage humo mpaka sakafu ikauke kabisa na hewa ipite. Usiku weka sahani ya maji yenye sabuni sakafuni chini ya taa. Haitamaliza viroboto, lakini hesabu ya walionaswa kila asubuhi itakuonyesha kama wanapungua.

Mbwa na paka wengine wa nyumba watibiwe siku zile zile, kila mmoja kwa dawa yake, na mbwa aliyepakwa permethrini asilale na paka.

Hatua ya sita: minyoo, chakula na wiki zinazofuata

Paka humeza viroboto anapojiramba, na humo hupata mnyoo wa tegu ambaye vipande vyake huonekana kama punje za mchele kwenye mkundu au kwenye matandiko. Mtoto wa binadamu akimeza kiroboto kwa bahati mbaya huweza kuupata pia. Daktari atampa dawa ya tegu, prazikwanteli, kulingana na uzito, na inafaa itolewe viroboto wakiwa wamepungua, la sivyo atauokota tena. Ili damu irudi, mpe nyama, ini kidogo, yai lililopikwa au usipa (dagaa) wa Kyela waliolowekwa majini hadi chumvi ikatoka. Ugali na maziwa peke yake havitamtosha.

Tazama ufizi kila siku ya wiki ya kwanza, kisha kila wiki. Katika wiki ya pili au ya tatu viroboto wapya hutokea kutoka kwenye vifukofuko, na wengi hudhani kazi imeharibika wakarudi kwenye chupa ya ng'ombe. Endelea na kitana, ufagio na matandiko kwa muda usiopungua miezi mitatu. Sahani ikikaa mwezi mzima bila kunasa kiroboto, na karatasi nyeupe ikibaki bila wekundu, unaweza kumfungulia mlango wa ghala aanze kazi yake.