Madera ya Idd: yaje kwa ndege au kwa meli?

Ukitaka kuleta mzigo Mombasa kutoka Guangzhou, bei mbili utakazopewa hazipimwi kwa kipimo kimoja. Ya ndege ni kwa kilo, ya meli ni kwa CBM, yaani mita moja ya ujazo. Mama mdogo wangu anayeuza madera Biashara Street aliziandika zote mbili kwenye daftari, akanisogezea. "Haya mwanangu, ipi nafuu?" Sikuweza kumjibu. Kabla ya jibu yatakiwa tepu ya kupimia.

Pima katoni kwa sentimita: urefu, upana, kimo. Zidisha vyote vitatu, kisha gawa kwa 6,000. Utakachopata ni kilo za nafasi, na ndege hukutoza hizo au za mizani, zilizo nyingi zaidi. Katoni ya 60 kwa 50 kwa 40 hutoka kilo 20. Ukiibana madera hadi ikafika kilo 28, utalipa 28. Ukiijaza maua ya plastiki ya kupambia ukumbi wa harusi, mizani ikasoma 7, bado utalipa 20: kilo 13 hapo ni upepo mtupu. Kampuni za vifurushi vya mlango kwa mlango mara nyingi hugawa kwa 5,000, na upepo unazidi kuwa ghali. Baharini katoni hiyohiyo ni CBM 0.12, ya maua na ya madera sawasawa. Uzito hauulizwi mpaka CBM moja ivuke tani moja. Nguo hazifiki huko. Vigae vya sakafu vinafika.

Basi katoni kumi za madera ni kilo 280 angani, CBM 1.2 majini. Zidisha kila moja kwa bei yake na meli itashinda, karibu kila mara. Wengi hufunga daftari hapo, na hapo ndipo wanapoumia. Mzigo wa kuchangia kontena huwa na kiwango cha chini, mara nyingi CBM moja, hata kama wako ni nusu. Tena kuna gharama za huku: hati ya kutolea mzigo, ghala linalofungua kontena, ada ya wakala wa forodha, gari la kuleta dukani. Hizo hazipungui sana kwa sababu una katoni mbili tu. Kwa kilo arobaini au hamsini za vitu vya thamani, nimeona ndege ikitoka nafuu, nayo ilionekana ghali kwenye bei ya kwanza. Kwa hiyo usiulize bei ya usafiri peke yake, uliza yote mpaka mlangoni pako, na uandikiwe.

Na mlango uwe wa Mombasa kweli. Wakusanyaji wengi wa mizigo wana maghala yao Nairobi. Mzigo wa ndege hutua JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, na bei uliyopewa huishia Eastleigh, mtaa wa hukohuko Nairobi. Kuuleta Pwani ni juu yako. Kichekesho kiko kwa meli. Kontena lililo na katoni zako laweza kushushwa Kilindini, bandari ya Mombasa, likapanda reli ya SGR hadi bandari kavu ya Embakasi, Nairobi, nawe ukalipia lori kuurudisha mzigo mji uleule ulikoshukia. Uliza mapema kontena linafunguliwa wapi, na kwenye hati ya shehena mwisho wa safari usomeke Mombasa.

Sasa kalenda. Ndege ni siku chache hadi wiki mbili ukijumlisha kukusanya na kutoa forodhani. Meli, toka kiwandani hadi dukani, ihesabie mwezi mmoja na nusu hadi miwili. Kwa wauzaji wa nguo za Idd, miaka hii kuna mtego: Mwaka Mpya wa Kichina wa 2026 uko 17 Februari, wa 2027 uko 6 Februari, na Ramadhani inaangukia karibu siku hizohizo. Viwanda vya China hufunga kwa wiki kadhaa, na kabla ya kufunga kila mtu anagombania nafasi melini. Anayesubiri mwezi uandame ndipo aagize amekwisha. Oda iwe kiwandani Oktoba, mzigo uwe majini Desemba. Mama mdogo siku hizi hugawanya: katoni mbili za mitindo mipya kwa ndege, wateja waone, kumi zilizobaki zinakuja taratibu kwa meli.

Kuna vitu ambavyo havikupi uchaguzi. Pawabanki na betri za lithiamu zisizofungwa ndani ya kifaa hazikubaliwi kama shehena kwenye ndege za abiria tangu Aprili 2016. Marashi yenye spiriti huhesabiwa kuwa bidhaa inayoshika moto. Ukivichanganya na nguo bila kutaja, katoni nzima hushikiliwa.

Kuhusu ushuru, kuna jambo ambalo wengi hawalijui: sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 huongeza nauli ya meli kwenye thamani inayotozwa ushuru, lakini nauli ya ndege haiongezwi. Mwambie wakala akuonyeshe hesabu yake. Cheti cha ukaguzi cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, nacho hushughulikiwa huko mzigo utokako, kabla haujapakiwa. Ukishafika bila cheti, ni gharama na kusubiri, na bandarini siku za bure za kuhifadhi mzigo ni chache.

Bima usiiruke kwa meli. Meli ya kontena Ever Given ilipokwama katika Mfereji wa Suez Machi 2021, wenye meli waliwataka wenye mizigo wachangie gharama za kuikwamua, hata wale ambao katoni zao hazikuguswa na maji. Ndiyo desturi ya bahari. Mwenye bima huiachia kampuni yake ya bima. Asiye nayo huweka dhamana kwanza ndipo apewe mzigo. Kenya inataka bima ya mizigo ya baharini inayoingia nchini inunuliwe kwa kampuni za hapa tangu Januari 2017.

La mwisho ni dogo: kalamu ya wino mzito. Mwambie muuzaji aandike alama yako na namba kwenye pande mbili za kila katoni, 1 ya 12, 2 ya 12, kisha akupigie picha zote zikiwa pamoja kabla hazijaondoka ghalani.