Namna ya kulitumia neno Bursche bila kumkwaza Mjerumani

Asubuhi moja pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, mgeni wa Kijerumani niliyekuwa namtembeza alisimama mbele ya kuli aliyembeba sangara begani, mkia ukimgonga kisigino. "Ein prächtiger Bursche!" akasema. Nikamtafsiria kuli: "Anasema wewe ni kijana wa nguvu." Kuli akatabasamu. Mgeni akatikisa kichwa, akamnyooshea kidole samaki.

Tangu siku hiyo, wanaokuja kwangu kujifunza kutembeza wageni nawaanzishia neno hili.

Tamka "burshe", kwa sh ile ya shule, neno ambalo nalo tulilichukua kwa Wajerumani. Wakiwa wengi, ni Burschen. Maana yake ni kijana wa kiume, au jamaa tu; na katika mazungumzo ya kawaida, mnyama au samaki mkubwa wa kupendeza.

Ili lisikutoke kichwani, kumbuka mfuko. Kigiriki byrsa ni ngozi. Kilatini kikapata bursa, mfuko wa ngozi wa kuwekea fedha. Katika zama za kati, wanafunzi wa vyuo vya Ulaya waliishi bweni moja, wakala chungu kimoja kwa fedha za mfuko mmoja, na bweni lenyewe likaitwa bursa. Jina la kundi likamshukia mwanafunzi mmoja mmoja, kisha kijana yeyote. Mimi napenda sana safari hii, maana wavuvi wetu wanaochangiana mafuta ya injini wangeielewa mara moja. Mfuko huohuo umezaa Börse, soko la hisa, na hata basari wanayoomba jirani zetu wa Kenya. Harufu ya uanafunzi ilibaki: mwaka 1815 wanafunzi wa Jena, mji wa Ujerumani, waliunda chama, wakakiita Burschenschaft. Rangi zao nyeusi, nyekundu na dhahabu ndizo za bendera ya Ujerumani leo.

Sasa tahadhari. Usimwite mtu "Bursche!" hivihivi; inasikika kama onyo la mtu aliyekwisha kukasirika. Mvulana mdogo ni Junge. Na Jugendlicher usimpachike kila kijana: kwa sheria yao ni mwenye miaka 14 hadi kabla ya kutimiza 18, wakati sera yetu ya vijana inafika 35. Yule kuli wa Mwaloni ana miaka 28. Yeye ni junger Mann.