Rambirambi mpe mwenye daftari, si mfiwa

Ukifika msibani, toa pole kwanza, kisha uliza daftari liko wapi. Mara nyingi liko kwenye meza ndogo karibu na turubai, na mhasibu wa kamati ndiye anayelishika. Pesa ya rambirambi mpe yeye, usimfumbatishe mfiwa mkononi. Mfiwa hana akili ya kuhesabu siku hiyo. Noti ataziweka chini ya mto au kwenye mkoba na zitapotea, huku kamati inahangaika na jeneza, gari na mchele. Hakikisha jina lako linaandikwa pamoja na unakofahamika: “Mama Neema, jirani” au “Juma, kazini kwa marehemu”. Akina Juma ni wengi, na daftari hilo ndilo familia itakaloangalia siku msiba ukiwa kwako.

Toa kabla ya siku ya kuzika, hata kidogo. Elfu tano ya jioni ya kwanza inanunua sukari ya chai ya usiku. Elfu hamsini ya baada ya makaburini hulipa madeni tu. Ukituma kwa simu, ongeza ya kutolea na utume ujumbe wenye jina lako, maana laini yako huenda imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine.

Utaratibu huu hukwama kwenye misiba mingi ya Waislamu, ambako maiti huzikwa haraka, pengine siku hiyohiyo, na daftari huenda lisiwepo. Hapo muulize mzee msimamizi wa shughuli. Wanaume hukaa nje na wanawake ndani, kwa hiyo mama atoe kwa mama anayesimamia ndani.